Gari la Daraja la Kati

Kulikuwa na wakati ambapo mgeni akipita nje ya ukumbi wetu wa ibada Jumapili alasiri angedhani pale pana duka la magari, tena duka la mtu asiyejua biashara, maana lilikuwa na aina moja tu. Ukiondoa gari la mama mmoja mbishi kutoka Eldoret, ambaye hakuwahi kukubali kuambiwa anunue nini, magari yote ya ushirika wetu yalikuwa ya chapa moja ya Kimarekani, ya bei ya kati, na yote yaliuzwa na mume wangu. Chapa hiyo siku hizi haipo. Sitalitaja jina lake, kwa sababu mume wangu akisikia likitajwa ovyo bado ananyamaza mpaka chakula kipoe.

Lakini si magari yaliyonikalisha niandike. Nilimfanyia rafiki yangu jambo kwa ajili ya chapa hiyo, nikamficha kwa miaka kumi na kitu, nikijiambia kwamba siku nitakayolisema ndiyo siku nitakayompoteza. Naye ndiye mtu pekee katika Minnesota nzima ambaye nikipiga simu haulizi kwanza kama kuna tatizo.

Nianze na mume wangu. Nyumbani, kule Voi, alikuwa mwalimu wa somo la biashara. Tulipofika huku tukakuta kazi ya Mkenya imeshaamuliwa zamani. Mtu anashuka ndege wiki hii, wiki ijayo yuko darasani anafundishwa namna ya kumgeuza mzee kitandani bila kumwumiza mgongo. Mimi nilikwenda, nikafaulu, nikaendelea mpaka nikawa muuguzi. Mume wangu alisema hakuvuka bahari kuja kuogesha watu wazima. Alisema hivyo mbele ya wanaume sita, wote wakiwa wameogesha watu wazima asubuhi hiyo hiyo, wakamwangalia tu na kuomba chai iongezwe.

Basi akaenda Burnsville kununua gari la mtumba, na siku hiyo ndiyo iliyoharibu kila kitu. Muuzaji alimweleza historia ya ile chapa, naye akaisikiliza kama mtu anayesomewa wasia wa babu yake tajiri. Alirudi kwetu New Hope na gari la kijivu na imani mpya. Wiki mbili baadaye alikuwa amewapeleka watu wanne kwa yule muuzaji, na meneja, Mzungu mnene mwenye moyo mzuri, akaona ni rahisi zaidi kumwajiri.

Imani yenyewe ilikuwa hivi. Kampuni mama, alisema, iliyapanga magari yake kwa ngazi. Chini kuna gari la mtu anayeanza maisha. Juu kabisa kuna gari la mtu aliyefika, anayengoja tu kuzikwa vizuri. Katikati ndipo tulipo sisi: gari la mtu anayekwenda. Kwao huku, alieleza, enzi za babu zao, mwalimu mkuu, daktari wa mtaani na mwenye duka la viatu wote waliendesha gari hili, ili jirani anayeendesha lile la chini aone kwamba mwenzake amepiga hatua, lakini asione kwamba anaringa. Mtaa mzima ulikuwa unajua mshahara wa mtu kwa kuangalia mlango wa gereji yake.

Nilimuuliza, hiyo ngazi inatuhusu nini sisi? Kwetu kulikuwa na madaraja mawili tu, wenye gari na wanaoomba lifti. Akasema hiyo ndiyo sababu hatuendelei. Nikamwacha. Kuna wakati mtu akipata furaha yake ni afadhali umwache nayo hata kama haina kichwa wala miguu.

Namna yake ya kuuza haikuwa imeandikwa katika kitabu chochote cha kampuni ile, na mimi nilikuwa sehemu yake. Jumamosi nilikuwa naamka, napika chai ya maziwa yenye tangawizi, natia kwenye chupa mbili kubwa, nakaanga mandazi, naenda naye Burnsville. Mteja wetu hakuja peke yake. Alikuja na mke, shemeji, watoto, na mzee wa kanisa wa kushuhudia. Wazungu huingia, wanazunguka gari, wanabishana, wanaondoka. Wetu walikaa. Nilikuwa nawamiminia chai pale pale katikati ya magari yanayong'aa, nawauliza habari za nyumbani, na mume wangu anashughulika na karatasi bila haraka. Kufikia kikombe cha pili mteja ameshaona aibu kuondoka bila kununua. Meneja naye alikuwa anapita kila baada ya muda kuchukua andazi, akisema kwamba mimi ndiye muuzaji wake bora. Nilikuwa nacheka. Ndivyo ilivyokuwa.

Halafu Jumapili gari liliombewa. Watu wa nje huona jambo hili geni, ila kwetu gari halijawa gari mpaka liombewe. Baada ya ibada tulitoka wote kwenye maegesho, mchungaji mbele na kichupa cha mafuta ya zeituni, mwenye gari akiwa ameshika funguo kama bibi harusi aliyeshika maua. Mkono mmoja boneti, mkono mwingine juu. Tuliombea matairi, tukaombea breki, tukaombea barafu ya mwezi wa kwanza isilione gari hilo. Majira ya baridi mafuta yaliganda ndani ya kichupa, na mchungaji alilazimika kukiweka kwapani wakati wa mahubiri ili yayeyuke. Wale Walutheri waliotukodishia ukumbi walituangalia kupitia dirishani mara ya kwanza, wakaja kuuliza kama kuna mtu amegongwa. Baadaye walizoea, na mzee wao mmoja akatuomba tuliombee na lake.

Mama mapacha alikuwa anasimama pembeni nyakati hizo, akiwa na watoto wake wawili, mmoja kila mkono. Nitamwita hivyo kwa sababu ndivyo sisi sote tulivyomwita. Alikuwa anaishi ghorofa ya chini yetu, katika zile nyumba za kupanga za New Hope, na tulifanya kazi hospitali moja pale Minneapolis, wodi zinazotazamana. Mume wake alibaki nyumbani akingoja viza, na baadaye akabaki kabisa. Wasichana wale walikuwa na miaka mitatu. Kila asubuhi alikuwa anawavalisha tabaka baada ya tabaka mpaka wanashindwa kukunja mikono, anapanda nao basi la kwanza mpaka kwa mlezi, halafu basi la pili mpaka kazini. Nikiwa na zamu moja naye nilikuwa nawachukua kwa gari letu, lakini ratiba za hospitali hazipangwi na marafiki. Alihitaji gari kuliko mtu yeyote niliyemjua, na alikuwa mtu wa mwisho kulipata, kwa sababu alikuwa mwangalifu. Alikuwa ananunua hata kitunguu kwa kukigeuza mara nne.

Kuanguka kwa chapa yetu niliuona mapema, ingawa sikujua nilichokuwa nakiona. Gari letu lilianza kukohoa, nikalipeleka kwa fundi mmoja Mkongomani aliyekuwa anafanya kazi kwenye gereji ya nyuma ya nyumba yake. Akafungua boneti, akatoa kifuniko cha plastiki, akakigeuza na kunionyesha. Kwa ndani kilikuwa kimepigwa muhuri wa ile chapa ya chini, ile ya watu wanaoanza maisha.

"Mama," akaniambia taratibu, kama daktari, "hii na ile ya chini ni voiture moja, gari moja. Waliivalisha tu koti ingine."

"Ingine kivipi?"

"Taa ya mbele. Na jina. Na bei, bien sûr."

Niliporudi nyumbani nikamwambia mume wangu. Akasema Wakongomani wanajua muziki, magari hawayajui. Binti yetu, aliyekuwa na miaka tisa na ambaye hujibu kila kitu kwa Kiingereza, akasema bila kuinua macho kwamba hata yeye alishaona. Gari letu na la mzee wa ghorofa ya tatu, lile la chapa ya chini, yana uso mmoja. Baba yake aliinuka akaenda kuangalia mvua. Kumbe watengenezaji walikuwa wameivunja ile ngazi wenyewe miaka mingi, wakiuza gari la chini kwa bei ya katikati, na Wamarekani walikuwa wameshagundua na kuondoka kimya kimya. Sisi ndio tuliokuwa tunaingia. Nilicheka kwa uchungu jikoni peke yangu, kwa sababu ndiyo tabia yetu, kufika kwenye sherehe watu wanapokunja viti.

Sasa nije kwenye wiki yenyewe. Ilikuwa Alhamisi. Mume wangu alirudi mapema, na kupitia dirishani nilimwona amekaa ndani ya gari kwenye maegesho, injini imezimwa, na ilikuwa baridi ya kuua. Alikaa mpaka vioo vikafunga ukungu. Alipoingia hakuvua koti.

"Wanaifunga," akasema.

"Wanafunga nini?"

"Chapa. Yote. Jumatatu wanatangaza."

Nilimpa pole, na pole ilikuwa ya kweli. Unaweza kumcheka mtu kwa imani yake na bado ikakuuma ikivunjwa. Nilimvua koti mwenyewe. Halafu akanieleza lililobaki. Meneja amewaambia wauzaji kwamba wengine watahamishiwa kwenye duka lao la pili, la magari ya ile chapa ya chini, na wengine wataachwa. Mahesabu yatafungwa Jumamosi jioni. Yeye alikuwa amebakisha kuuza gari moja ili awe miongoni mwa wa kuhamishwa. Na Jumamosi alikuwa na mteja mmoja tu.

Sikuuliza ni nani. Nilimjua. Alikuwa ameniambia mwenyewe Jumanne, tukibadilishana zamu, kwamba sasa amejiandaa, na kwamba nisisahau kuweka tangawizi ya kutosha.

"Gari ni zuri," mume wangu akasema. "Litatembea tu. Halitasimama barabarani Jumatatu kwa sababu wametangaza."

"Basi mwambie, achague mwenyewe."

"Nikimwambia ataogopa litashuka bei, hatanunua. Unamjua."

Nilimjua. Hapo ndipo ningesema kitu, na sikusema. Sitaki mtu afikirie kwamba nililazimishwa. Mume wangu hajawahi kunilazimisha hata kula. Nilifikiria kodi ya nyumba, nikafikiria mume wangu akikaa sebuleni mchana kutwa na ile historia yake kichwani bila mtu wa kumsimulia, na nikaamua kwamba rafiki yangu atapata gari zuri na hakuna kitakachoharibika. Nilikanda unga wa mandazi Ijumaa jioni, na nilikanda vizuri.

Jumamosi mama mapacha alikuja Burnsville amevaa koti lake la kanisani. Alikuwa amepata lifti kwa yule mama mbishi wa Eldoret, akawaacha watoto nyumbani kwangu na binti yangu. Gari lilikuwa la rangi ya samawati, jipya. Akalizunguka, akalipapasa, akaingia kiti cha nyuma kuona kama viti viwili vya watoto vinaenea. Nikammiminia chai. Tulikaa kwenye vile viti vya ngozi karibu na dirisha, magari ya barabara kuu yakipita kule nje, na tuliongea mambo ya kazini, ya nyumbani, ya nywele. Karatasi zilipokuwa tayari akanigeukia akaniuliza, "Dada, nichukue?"

Nikamwambia, "Chukua."

Akachukua. Meneja alipiga makofi. Mume wangu alimshika mkono kwa mikono miwili, na nikaona macho yake yamelowa, na nikamchukia kidogo, halafu nikajichukia zaidi, halafu nikaosha vikombe.

Jumapili tuliliombea. Mchungaji siku hiyo alikuwa na upako wa kupita kiasi. Aliombea matairi, taa, mafuta, akamwombea mama mapacha mume, gari likiwa limeshapatikana, halafu akainua mikono akaiombea kampuni iliyotengeneza gari hilo, izidi kustawi na kupanuka, vizazi na vizazi. Watu wote wakasema amina. Mume wangu alisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Mimi nilikuwa nimeshika tairi la nyuma, nimeinamisha kichwa, nikaomba kitu kimoja tu, kwamba nisikohoe.

Jumatatu ikatangazwa. Ilikuwa kwenye televisheni ya chumba chetu cha mapumziko hospitalini, na mama mapacha alikuwa ameketi mbele yake anamenya chungwa.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Haya," akasema, akanigawia nusu ya chungwa.

Nikalila. Nikajiambia hajui kwamba nilijua, na asipojua hakuna neno. Hivyo ndivyo nilivyokata shauri, na hivyo ndivyo nilivyoishi.

Kuhusu mume wangu, ule uuzaji mmoja ulimsaidia majuma saba. Alihamishiwa duka la pili kweli, akaanza kuuza lile lile gari likiwa na jina lake halisi, kwa bei yake halisi, na akashindwa kabisa. Hakuwa na la kusema juu yake. Wakamwacha kwa adabu, na meneja akaniandikia kadi ya kunishukuru kwa mandazi. Mwaka uliofuata yule mwanamume ambaye hakuvuka bahari kuja kuogesha watu wazima alijiandikisha darasa lile lile nililosoma mimi. Sasa ana miaka mingi kwenye nyumba ya wazee, na ndiye wanayempenda kuliko wote, maana wale wazee wa kiume waliwahi kumiliki ile chapa. Anawaogesha huku wakibishana ni mwaka gani kampuni iliharibu umbo la taa za nyuma. Amepata watu wake hatimaye, ila wanakufa.

Ushirika haukumlaumu. Kwanza walijipa moyo kwamba magari yao sasa yatakuwa adimu na yatapanda bei, na mzee mmoja wa kanisa alilifunika lake turubai mwaka mzima. Halafu chumvi ya barabarani ikaanza kuyala kwa chini, moja likafa, jingine likauzwa, na Jumapili moja nikatoka nje nikakuta maegesho yamejaa magari ya Kijapani. Hakuna aliyeyaombea kwa pamoja kama zamani. Watu walikuwa wameanza kununua kwa mtandao, na huwezi kumwita mchungaji kwa kitu ulichokinunua ukiwa kitandani.

Gari la samawati tu ndilo lililobaki. Na mimi nilibaki nalo, kwa namna yangu. Kila theluji ilipoanguka nilikuwa nashuka kabla mama mapacha hajaamka, nalikwangua vioo. Zamu zake za sikukuu nilizichukua mimi. Mapacha wakiugua walilala kwangu. Nilimtafutia yule Mkongomani, nikasimama naye kwenye baridi akibadilisha vipuri, vyote vya ile chapa ya chini, na vyote viliingia bila shida. Jumamosi, kwa kuwa sikuwa tena na mahali pa kupeleka chai, niliipeleka kwake. Kila Jumamosi, hata wiki niliyofanyiwa upasuaji wa nyongo. Watu wakasema hawajawahi kuona urafiki wa namna hiyo. Mchungaji aliwahi kututoa kama mfano madhabahuni, tumesimama pamoja mbele ya watu, na mimi nikatamani sakafu ifunguke.

Gari lenyewe, niseme haki, lilikuwa zuri. Halikuwahi kumwacha barabarani. Wasichana walijifunzia kuendesha humo. Wote wawili wako chuo kikuu sasa, warefu kuliko mimi, wananisalimia kwa Kiswahili na kuendelea kwa Kiingereza.

Mwaka huu, theluji ilipoyeyuka, fundi akalala chini ya gari, akatoka akifuta mikono, akasema sakafu imekwisha, mtu atatumbukia chini na kiti chake. Mama mapacha aliniomba nimsindikize kulipeleka kwenye yadi ya magari mabovu. Tulifika mapema. Mtu wa pale alituambia tungoje ndani ya gari mpaka atuite, kwa kuwa kulikuwa na mengine matatu mbele yetu. Kwa hiyo tukakaa, yeye kwenye usukani, mimi pembeni, tukiangalia mashine ikiinua magari ya watu na kuyaweka juu ya mengine.

Nikaona kwamba gari likishaingia pale sitapata tena mahali pa kulisema lile jambo. Nikamwambia yote. Alhamisi, koti, Jumatatu inayokuja, mteja mmoja. Nikamwambia, "Ulipouliza uchukue, nilikuwa najua. Nilijua kwa siku mbili. Nisamehe." Sikumwangalia usoni. Niliongea na kile kisanduku cha mbele yangu ambacho kilikuwa kimeacha kufunga vizuri.

Akashusha kioo kidogo, akakipandisha.

"Redio ya yule mama wa Eldoret ilisema asubuhi ile, tukiwa njiani," akasema. "Kwamba kuna fununu wanaifunga. Akataka kugeuza gari. Nikamwambia twende tu, rafiki yangu yuko kule, ataniambia."

Nikakifunga kile kisanduku, kikafunguka tena.

"Nilikuuliza mara tatu," akasema. "Nilikuuliza kazi ya mumeo inaendaje. Ukasema inaendelea vizuri. Nikakuuliza kama kampuni yenyewe ni imara. Ukaniambia ongeza chai. Halafu nikakuuliza nichukue."

Mimi nilikuwa nakumbuka moja tu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejihukumu kwa hiyo moja, na nilikuwa nimejipunguzia.

"Sasa kwa nini ulinunua?"

"Nilikuwa nimechoka na basi," akasema. "Na mumeo alikuwa na uso wa mtu anayezama. Ningefanyaje?"

"Na kwa nini hukuniambia unajua? Miaka yote hii nakuja kwako, nakwangua vioo..."

Aligeuka akaniangalia. Hakuwa na hasira, na ningependelea angekuwa nayo.

"Nilikuwa peke yangu na watoto wawili," akasema. "Na wewe ulikuwa unakuja kila wakati. Nikajua ni kwa sababu ya gari. Niliogopa nikikuambia najua, nikikuambia yameisha, utaacha kuja."

Yule mtu wa yadi akatupungia mkono. Mama mapacha akaendesha mpaka mahali alipoonyeshwa, akazima injini, akatoa funguo. Tulisimama kando na mikoba yetu wakati wanaliinua. Halafu tukatembea kwenda kituo cha basi, polepole kwa sababu magoti yake yana shida siku hizi. Pale kituoni nikamwambia kwamba Jumamosi nitakuja na chai kama kawaida.

"Tutaona," akasema, akainama kutazama kama basi linakuja.